Ibada kwa Bikira Maria: Njia ya kumfikia Kristo na mipaka yake

KILA ifikapo Mei na Oktoba, miezi ambayo Kanisa Katoliki limeitenga kwa heshima ya Bikira Maria, sebule na nyua nyingi za Manzese, Mburahati, Tandika na Mbagala hugeuka kuwa mahali pa sala. Waamini wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976, hukusanyika kwa zamu katika nyumba za wenzao, rozari mkononi.

Katika mitaa ambayo Mhaya hupanga chumba ukuta kwa ukuta na Mngoni na Mchaga, rozari ina faida ya pekee: haihitaji padri wala kitabu. Hata jirani Mwislamu, ambaye sura ya 19 ya Kurani yake inaitwa Maryam, halioni jina hilo kuwa geni.

Hata hivyo, ni makosa kuidhani rozari kuwa sala ya Maria peke yake. Kila kumi la Salamu Maria huambatana na tendo moja la kutafakari, na karibu matendo yote yanahusu maisha ya Yesu. Kwa karne nyingi yalikuwepo Matendo ya Furaha, ya Uchungu na ya Utukufu tu, hivyo msalaji aliruka kutoka Yesu wa miaka 12 hekaluni hadi bustani ya Getsemani. Oktoba 16, 2002 Papa Yohane Paulo II aliliziba pengo hilo kwa kuongeza Matendo ya Mwanga, kuanzia ubatizo mtoni Yordani hadi kuwekwa kwa Ekaristi.

Mafundisho yenyewe yalizua mjadala mkali katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Oktoba 29, 1963 maaskofu walipiga kura 1,114 dhidi ya 1,074 kuamua kwamba habari za Maria ziwekwe ndani ya hati inayohusu Kanisa, si katika hati ya pekee. Hati hiyo, Lumen Gentium, ilitolewa Novemba 21, 1964. Inamtaja Kristo kuwa mpatanishi mmoja, na inawaonya wahubiri wasitie chumvi wala wasimpunguzie Maria heshima. Kuabudiwa ni kwa Mungu peke yake.

Ibada hiyo pia ina upande wa matendo. Lejio ya Maria, iliyoanzishwa na Frank Duff mjini Dublin Septemba 7, 1921, humtaka mwanachama afanye kazi ya utume kila wiki, kama kutembelea wagonjwa, na kutoa taarifa mkutanoni. Katika Afrika Mashariki ilienezwa na Edel Quinn wa Ireland, aliyefika mwaka 1936 akiwa tayari ameugua kifua kikuu na kufariki Nairobi Mei 12, 1944. Isichanganywe na Legio Maria, kanisa linalojitegemea lililozaliwa Nyanza, Kenya, miaka ya 1960.

Mipaka ya ibada hii ilijitokeza waziwazi Ubungo, wakati huo ikiwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni. Padri Felician Nkwera wa Jimbo la Njombe alijulikana kwa kuwaombea wagonjwa, akieleza kuwa alipewa kazi hiyo na Bikira Maria. Kituo chake cha Riverside kilivuta watu wengi, lakini maaskofu hawakuikubali huduma hiyo, na mgogoro ukadumu miaka mingi. Kwa muumini wa kawaida swali halikuwa jepesi: amfuate aliyemwombea mgonjwa wake, au amtii askofu wake?

Huko Kibeho, Rwanda, mambo yalikwenda tofauti. Wasichana wa shule walisema kuwa Maria aliwatokea kuanzia Novemba 28, 1981. Kanisa halikuharakisha. Uchunguzi ulipita katikati ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ambamo mmoja wa wasichana hao, Marie Claire Mukangango, aliuawa. Ni Juni 29, 2001 tu ndipo Askofu Augustin Misago wa Gikongoro alipotangaza kuyatambua matokeo hayo, na kwa wasichana watatu pekee kati ya wengi waliodai kuona. Tangu Mei 2024, kwa kanuni mpya za Vatikano, askofu hatangazi tena kuwa tukio la namna hiyo limetoka mbinguni. Kwa kawaida huridhia tu kwamba waamini hawazuiwi kusali mahali hapo.