Mazrui: jina lililodumu baada ya utawala

Wasomaji wengi hulijua jina Mazrui kwa sababu ya Profesa Ali Mazrui. Lakini kabla ya kufika vyuo vikuu, lilikuwa jina la watawala. Waomani walipowang'oa Wareno katika Ngome ya Yesu mwaka 1698, baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, maimamu wa Yaarubi walianza kuleta maliwali Mombasa. Mazrui ni miongoni mwa koo za Oman zilizopewa kazi hiyo, na tangu zama za Mohammed bin Uthman al-Mazrui, katika miaka ya 1730, ukoo huo uliushika mji kwa takribani karne nzima.

Yaarubi walipoanguka na Ahmed bin Said al-Busaidi akashika uimamu, Mohammed alikataa kumtii. Ahmed naye alikuwa liwali tu, wa Sohar. Kwa nini mmoja amsujudie mwenzake? Jibu la Ahmed lilikuwa la hila. Alituma watu waliojifanya wamemkimbia, wakapokewa ngomeni kama wageni, kisha wakamuua mwenyeji wao. Ali bin Uthman, ndugu wa Mohammed, akafungwa humo humo. Alitoroka, akakusanya wenyeji wa Mombasa na kuirudisha ngome mikononi mwake.

Kwangu mimi, hapo ndipo Mazrui walipokuwa watu wa Mombasa. Ali hakuwa na jeshi kutoka Oman. Waliomkalisha kitini ni wenyeji. Waliomfuata waliitegemea Miji Kumi na Mbili, yaani makundi mawili ya wenyeji, Thelatha Taifa na Tisa Taifa, wakashauriana na matamimu, wakuu wao, wakaoa kwao. Watoto wakakulia katika Kimvita cha mama zao, na nasaba ya baba ikabaki ya Oman.

Bahati iliwageuka taratibu. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mombasa na Pate zilishindwa na Lamu katika vita vya Shela. Mwaka 1824 Mazrui walijikinga chini ya bendera ya Uingereza kupitia Kapteni Owen, lakini London haikuukubali mpango huo, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa. Seyyid Said al-Busaidi, mtawala wa Oman, aliuchukua mji mwaka 1837, akawakamata wakuu wa ukoo na kuwapeleka Bandar Abbas, Uajemi.

Waliosalia waligawanyika. Wengine walielekea kaskazini, wakatia nanga Takaungu. Wengine wakaenda kusini hadi Gazi. Ndiyo maana leo jina hili lina mizizi Kilifi na Kwale pia. Kutoka Gazi alitokea Mbaruk bin Rashid, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, akavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani na kufia Dar es Salaam mwaka 1910.

Idadi ya Mazrui wa Kenya haipatikani kwenye sensa, kwa kuwa sensa haihesabu watu kwa jina la ukoo. Ng'ambo ya bahari, Oman na Falme za Kiarabu, jina ni la kawaida, na huko Abu Dhabi huandikwa Al Mazrouei.

Pwani ya Kenya, elimu ndiyo iliyochukua nafasi ya utawala. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa Kadhi Mkuu kuanzia 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, akatoa gazeti la Al-Islah, na akaandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake. Mwanawe, Profesa Ali, alifariki Marekani mwaka 2014. Akaletwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya ukoo karibu na Ngome ya Yesu.

Sheikh al-Amin aliandika habari za Mazrui wa Mombasa. Wale wa Takaungu na Gazi nao wanastahili kitabu chao. Enyi wenye barua, hati za mashamba na shajara za ukoo katika masanduku ya majumbani, zitoeni zinakiliwe kabla mchwa hawajazimaliza.