Shukrani ya Mfongo

Babu alinifundisha kushukuru kwa jembe. Alfajiri, zamu yetu ya maji ilipowadia, tulipanda hadi kwenye banio, tukazoa majani na tope, ndipo maji yakateremka kihambani, shamba letu la nyumbani. "Aika," alinong'ona. Ndiyo ahsante ya Kichagga.

Mifongo, ile mifereji ya Kilimanjaro, ilikuwapo kabla mmisionari Johannes Rebmann hajauona mlima huo mwaka 1848. Ilichimbwa kwa mikono, ikapitishwa kwenye kingo za makorongo ili ulezi na migomba vipate maji wakati wa kiangazi. Ukoo uliochimba mfongo ndio uliousimamia. Wengine waliopewa maji walilipa kwa kazi na kwa pombe. Siku ya kusafisha, kila nyumba ilitoa mtu. Aliyekosa alitozwa mbege.

Mbege yenyewe ilikuwa shukrani: ndizi mbivu zilizochemshwa na kimea cha ulezi, mazao ya maji yale yale. Mzee alimwaga kidogo chini kwa ajili ya wahenga waliochimba, kisha kata ikazunguka.

Kahawa ilipoenea, na wakulima wakaunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, mifongo iliendelea kunywesha vihamba. Leo kuna mabomba, na baadhi ya mifongo imekauka. Wa kwetu bado unatiririka, nami kila msimu nabeba jembe la babu. Kushukuru, kwake, ni kuzibua njia ya maji ili jirani wa chini naye apate.