Walikimbia mateso, kisha wakafukuza wengine: somo la Wapuritani kwa mwanafunzi wa Kasenga

UVIRA – Katika mtaa wa Kasenga, mwalimu wa historia akiwauliza wanafunzi wake ni nani ambaye jamaa yake haijawahi kuhama, mikono itakayoinuliwa itakuwa michache. Wengine wametoka Fizi, wengine wameshuka kutoka milima ya Itombwe, wengine wamefika kutoka bonde la Ruzizi. Kuna waliovuka kwenda Burundi wakarudi, na kuna wenye ndugu katika kambi ya Nyarugusu huko Tanzania, au Marekani.

Ndiyo maana somo la Wapuritani, ambalo linaonekana kuwa habari za Wazungu wa mbali wa karne ya 17, linaweza kueleweka Kasenga kuliko mahali pengi. Ni historia ya wakimbizi. Shida ni kwamba mara nyingi inafundishwa nusu tu.

Nusu inayojulikana ni hii. Uingereza kulikuwa na Wakristo walioona kwamba Kanisa la mfalme halijasafishwa vya kutosha. Waliotaka kulisafisha wakiwa ndani yake waliitwa Wapuritani. Wengine walijitenga kabisa, na kwa kosa hilo walitozwa faini na kufungwa. Kikundi kimoja cha hao waliojitenga kilikimbilia Uholanzi na kuishi katika mji wa Leiden kwa zaidi ya miaka 10. Huko walipata uhuru wa kusali, lakini maisha yalikuwa magumu, na wazazi waliogopa kwamba watoto wao wanageuka Waholanzi. Mzazi wa Kivu anayempigia simu mjukuu aliyezaliwa ugenini, akajibiwa kwa lugha asiyoijua, anaielewa hofu hiyo bila kufafanuliwa.

Mwaka 1620 baadhi yao walipanda meli iitwayo Mayflower wakiwa na wasafiri wengine, jumla watu wapatao 102, wakavuka bahari hadi Marekani na kuanzisha Plymouth. Karibu nusu yao walikufa kabla ya majira ya baridi ya kwanza kwisha. Miaka 10 baadaye, mwaka 1630, likaja kundi kubwa la Wapuritani wenyewe chini ya John Winthrop, gavana wao, wakajenga Boston. Winthrop alitaka koloni yake iwe mfano utakaotazamwa na dunia nzima.

Nusu ya pili inaanza na swali ambalo kila mtu aliyewahi kurudi kijijini kwake akakuta shamba lake limelimwa na mwingine atauliza mara moja: hiyo Plymouth, kabla yao, ilikuwa ya nani?

Mahali hapo paliitwa Patuxet, kijiji cha Wampanoag. Kati ya mwaka 1616 na 1619 ugonjwa ulioletwa na meli za Wazungu uliua watu wengi sana katika pwani hiyo, na Patuxet ikabaki tupu. Wageni walikuta mashamba yaliyokwisha kufyekwa, wakaona ni zawadi ya Mungu. Mtu mmoja wa kijiji hicho, Tisquantum, alikuwa bado hai kwa sababu aliibwa mwaka 1614 na nahodha Mwingereza akapelekwa kuuzwa Hispania. Aliporudi mwaka 1619 hakukuta mtu. Ni yeye aliyewafundisha wageni kupanda mahindi ya nchi ile.

Mwaka 1621 chifu Massasoit alifanya mapatano na wageni, na amani ikadumu muda mrefu. Lakini wageni waliongezeka, na ardhi ikazidi kwenda. Mwaka 1675 mtoto wa Massasoit, Metacom, alianzisha vita. Aliuawa mwaka 1676, na kichwa chake kikatundikwa juu ya mti huko Plymouth, kikakaa hapo miaka mingi.

Hata kati yao wenyewe, waliokimbia kubanwa kwa ajili ya imani waliwabana wengine. Mchungaji Roger Williams alisema mfalme wa Uingereza hana haki ya kugawa ardhi ya wenyeji bila kuinunua kwao, na kwamba serikali isimlazimishe mtu katika mambo ya imani. Alihukumiwa kufukuzwa mwaka 1635, akaenda kuanzisha Providence. Anne Hutchinson, mama aliyefundisha Biblia nyumbani kwake, alifukuzwa naye mwaka 1638. Mary Dyer wa dhehebu la Quaker alinyongwa Boston mwaka 1660.

Mwanafunzi wa Kasenga ana haki ya kuuliza: hayo yanahusu nini mwambao wa Tanganyika? Jibu liko kwenye ziwa lenyewe.

Januari 1879, wamisionari wa kwanza wa Shirika la Mapadri Weupe walifika Ujiji baada ya safari ndefu ya miguu kutoka pwani. Walitumwa na Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers. Hao walikuwa Wakatoliki, na Wapuritani hawakuwapenda Wakatoliki hata kidogo. Lakini wazo lilifanana: kujenga jamii mpya ya Kikristo katika nchi ambayo ina watu wake tayari. Lavigerie aliota ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika.

Mwaka huo huo wa 1879 walifungua misheni Rumonge, ng'ambo ya Burundi. Mwaka 1880 walifika Mulweba, katika nchi ya Masanze, upande huu wa ziwa. Mwaka 1883 walihamia Kibanga, katika tarafa ya Fizi ya leo, karibu na rasi ya Ubwari, wakapaita Lavigerieville. Hiyo ndiyo Plymouth ya mwambao huu, ingawa wanafunzi wengi hupita kwa boti karibu na Ubwari bila kuambiwa.

Wakaaji wa vijiji hivyo walikuwa akina nani? Kwa sehemu kubwa walikuwa watoto waliokombolewa. Wakati ule biashara ya watumwa ilikuwa imeenea ziwani, na watu wa Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, walitawala sehemu kubwa ya kaskazini. Mapadri walinunua watoto kwa wafanyabiashara, wakawalea, wakawafundisha dini na kazi, kisha wakawaozesha wao kwa wao na kuwapa mashamba. Kengele ilipanga siku. Padri ndiye aliyeamua mashauri, ndiye aliyegawa ardhi, ndiye aliyeadhibu.

Wapuritani nao walikuwa na vijiji vya namna hiyo. Mchungaji John Eliot alijifunza lugha ya wenyeji, akatafsiri Biblia nzima iliyochapwa mwaka 1663, na kuanzia Natick, mwaka 1651, akawakusanya walioongoka katika vijiji vya sala. Vita vya Metacom vilipoanza, Wakristo hao hawakuaminiwa na upande wowote. Serikali ya koloni iliwapeleka wengi wao kwenye kisiwa cha Deer, na huko wengi walikufa kwa njaa na baridi. Kusali na wenye nguvu hakukuwapa ulinzi.

Ziwani pia damu ilimwagika. Mei 1881 wamisionari watatu waliuawa Rumonge, katika ugomvi uliohusu mtoto mmoja wa misheni. Kusini zaidi, Mpala, Mbelgiji Émile Storms aliyejenga kituo hapo mwaka 1883 alipigana na chifu Lusinga. Lusinga aliuawa Desemba 1884 na kichwa chake kikakatwa. Storms alilichukua fuvu hadi Ubelgiji. Kati ya kichwa cha Metacom na fuvu la Lusinga kuna zaidi ya miaka 200, lakini mwanafunzi hahitaji mwalimu amwonyeshe jinsi vinavyofanana.

Mwaka 1885 Mpala ilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Kuanzia 1887, ulinzi wa misheni ulikuwa mikononi mwa Mfaransa Léopold Joubert, mwanajeshi wa zamani wa Papa. Aliunda askari wa wenyeji, akapigana na watu wa Rumaliza, akahukumu kesi kama chifu. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, mwanamke wa nchi hiyo, na hakurudi Ulaya. Alikufa mwaka 1927 katika nchi ya Moba. Kibanga yenyewe haikudumu. Maradhi yaliwamaliza watu, na mwaka 1893 misheni ikaachwa.

Kuna tofauti ambazo mwalimu mwaminifu hatazificha. Wapuritani walikuja na wake na watoto wao, wakaongezeka mpaka wenyeji wakawa wachache katika nchi yao. Mapadri hawakuleta jamaa, na walikuwa wachache. Kuna watoto waliotolewa kweli katika minyororo. Mmoja wao ni Adrien Atiman, aliyekombolewa akiwa mtoto kaskazini mwa Afrika, akasomea uganga Malta, akafika ziwani na kutibu watu wa Karema mpaka alipokufa mwaka 1956. Lakini mtoto wa Kibanga hakuulizwa kama anataka kurudi kwa mama yake, na chifu wa Masanze hakuwa na sauti mwaka 1885 wakati Ulaya ilipoitambua nchi nzima kuwa mali ya Leopold II.

Kuna jambo lingine la kufundisha: nani aliandika. Kila kituo cha Mapadri Weupe kilitakiwa kuandika shajara ya kila siku, na Winthrop naye aliandika yake. Kwa hiyo habari nyingi zimebaki kwa maneno ya waliofika. Mhuri wa koloni ya Massachusetts wa mwaka 1629 ulimwonyesha mwenyeji akiwaomba Wazungu waje kumsaidia. Hakuna mwenyeji aliyechora mhuri huo.

Katika mji kama Uvira, ambako maneno "mwenyeji" na "mgeni" yamekwisha kugharimu maisha ya watu, somo hili linahitaji uangalifu. Halifundishwi ili kuonyesha jamii fulani kidole, wala ili kumwambia aliyehama kwamba hana haki ya mahali pa kulala. Watu wa Mayflower walikuwa na haki ya kukimbia. Wanafunzi wapime walichofanya baada ya kupata nguvu.

Na zoezi la nyumbani halihitaji kitabu. Kila mwanafunzi amwulize bibi au babu yake: mlipofika hapa, mlimkuta nani, na nani aliwapa mahali pa kujenga? Aandike majina ya waliowapokea kabla wazee hawajaondoka. Watu wa Patuxet hawakupata mtu wa kuwafanyia kazi hiyo.