Chaza wa Pambo na Sheria za Kuingiza Mali: Historia Fupi

Wanachama wetu wamezoea kusoma habari za mazao ya shambani. Lakini liko zao la baharini ambalo historia yake yatufaa sana sisi wana-ushirika, kwa kuwa soko lake hutegemea herufi moja iliyoandikwa katika kibali. Zao hilo ni chaza wakubwa wa matumbawe, ambao wataalamu huwaita Tridacna.

Chaza hawa huishi katika maji ya kina kifupi, tangu pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Aina iliyo kubwa kupita zote, ambayo hukaa mbali na kwetu, huweza kuzidi kilo 200. Nyama yao ya ukingoni hung'aa kwa rangi za buluu, kijani na zambarau. Kwa ajili ya uzuri huo, watu wa Ulaya, Marekani na Japani huwanunua wangali wadogo ili wapambe matangi yao ya kioo.

Katika miaka ya 1960 na 1970 vyombo vya wavuvi kutoka Taiwan vilizunguka Pasifiki vikiwavuna chaza kwa wingi, mara nyingi pasipo ruhusa, ili wapate msuli wao uliwao. Miamba mingi ikaachwa na makombe matupu. Ndipo mataifa yalipoutumia mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uitwao CITES, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973. Aina mbili za chaza ziliingizwa katika orodha yake mwaka 1983, na jamii yote mwaka 1985. Tangu hapo chaza hatoki katika nchi mwanachama bila kibali cha nchi atokako. Tangu mwaka 1997 Ulaya nayo hudai kibali cha pili, cha nchi apelekwako, kabla mzigo haujafika.

Wakati huohuo ufugaji ulianza kustawi. Huko Palau, mapema katika miaka ya 1980, wataalamu walifaulu kutotoa chaza kwa wingi. Katika Visiwa vya Solomon kituo cha namna hiyo kilianzishwa mwaka 1987, na wanavijiji wakapewa chaza wadogo wawalee katika vizimba baharini. Hawakununua chakula cha kuwalisha, maana chaza hulishwa zaidi na mimea midogo sana iliyomo mwilini mwake, ipatayo nguvu kwa mwanga wa jua. Kazi yao ilikuwa kusafisha vizimba na kuwaondoa konokono walao chaza. Fedha za soko la pambo zikafika kijijini.

Hapo ndipo herufi ilipopata uzito. Katika kibali, W maana yake ni kiumbe wa porini. C na F ni wale waliozaliwa katika ufugaji. Mtu akiandika C kwa chaza aliyeng'olewa mwambani, haibi bahari tu, bali huharibu jina la wafugaji wote. Sheria ya Ulaya yaruhusu kusimamisha aina fulani kutoka nchi fulani. Hapo mwaminifu huumia pamoja na mdanganyifu.

Hata hivyo, sheria zote hazimtambui mfugaji sawasawa. Julai 2024 idara ya bahari ya Marekani ilipendekeza aina 10 za chaza ziwekwe chini ya sheria ya nchi hiyo ya viumbe walio hatarini. Sheria hiyo, kwa viumbe wa daraja la juu la hatari, huweza kumzuia hata aliyefugwa asiingizwe. Watu wa visiwani wakaonyesha wasiwasi, wakiuliza kwa nini jasho la mlezi lihesabiwe sawa na uporaji.

Swali hilo ni la haki, nalo halijibiwi kwa kelele. Hujibiwa kwa kumbukumbu: chaza alitotolewa lini, alilelewa wapi, aliuzwa kwa nani. Nasi tunaopima mazao na kutoa stakabadhi twaijua hekima hiyo: mali bila daftari hupotea bila habari.