Mkulima, karani na kengele ya saa kumi alfajiri

Kengele hulia saa kumi alfajiri, giza likiwa bado nene. Wanafunzi hujikokota hadi ukumbini, hukunja miguu juu ya mito, hufumba macho, na kwa siku tatu za mwanzo kazi yao ni moja tu: kutazama pumzi inavyoingia na kutoka puani. Hakuna kusemezana mpaka siku ya kumi. Simu wameziacha mlangoni, vitabu na kalamu vilevile. Siku ya nne ndipo hufundishwa vipassana yenyewe, yaani kupekua hisia za mwili kuanzia utosini hadi vidole vya miguu. Kozi hii hutolewa katika nchi nyingi na haina ada; gharama hubebwa na waliokwisha kuipitia.

Wengi hutoka wakiamini kwamba wameonja kitu kisichobadilika tangu Buddha alipoketi chini ya mti wake. Mafundisho ni ya kale, hilo halina ubishi. Ila huu utaratibu wa mkulima au karani kujifungia siku chache, kufundishwa hatua kwa hatua, kisha kurudi kazini kwake, haujafikisha hata miaka 150. Asili yake ni Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar, na uliozaa utaratibu huo ni woga.

Waingereza waliimega Burma kidogo kidogo. Mwaka 1852 walichukua kusini. Mfalme Mindon, aliyebaki na kaskazini, aliona wazi upepo unakovuma, akaamuru maandiko yote matakatifu ya Kibuddha, Tipitaka, yachongwe kwenye mabamba ya marumaru ili hata vitabu vikiungua maneno yabaki. Kazi ilikamilika mwaka 1868: mabamba 729, yameandikwa mbele na nyuma, kila moja ndani ya kijumba chake cheupe. Yapo Mandalay hadi leo. Marumaru ilidumu, ufalme haukudumu. Novemba 1885, baada ya vita vya wiki mbili hivi, mwanawe, Mfalme Thibaw, alipakiwa melini na kupelekwa uhamishoni India.

Pigo hilo halikuwa la siasa peke yake. Kwa Waburma mfalme ndiye aliyekuwa mlinzi wa dini: aliwalisha watawa, alisimamia mitihani yao, alimteua mkuu wao. Mlinzi akiondoka, nani alinde?

Mtawa mmoja msomi, Ledi Sayadaw, aliyezaliwa mwaka 1846, alikuja na jibu ambalo wenzake wengi hawakulitarajia: walinde watu wa kawaida. Na ili mtu akilinde kitu, sharti akijue. Ledi akaanza kuzunguka nchi nzima akihutubia umati na kuanzisha vikundi vya kusoma, vya wanaume na vya wanawake. Inachekesha kidogo kwamba vyombo vilivyombeba ni vile vilivyostawi chini ya mkoloni mwenyewe, reli na mitambo ya uchapaji, na kwamba mwaka 1911 serikali ya mkoloni ikamtunuku cheo cha heshima kwa usomi wake.

Alichowafundisha hakikuwa hadithi nyepesi za kimaadili. Alichagua Abhidhamma, sehemu ngumu kuliko zote ya Tipitaka, ambayo huichambua nafsi kama fundi anavyofungua saa: aina 89 za fahamu, sifa 52 zinazoambatana na fahamu hizo, namna 28 za maumbile. Muhtasari wake wa somo hilo aliutunga kwa mashairi ya Kiburma, ili uhifadhiwe kichwani. Mtu aliyelelewa chuoni Zanzibar au Lamu ataielewa mbinu hiyo bila kuelezwa: kwanza unalikariri neno, maana unaikuta ukiwa njiani.

Baada ya darasa, kuketi na kutafakari. Siku hizo hata watawa wengi hawakufanya tafakuri kwa dhati. Kazi yao ilikuwa vitabu, na iliaminika kwamba zama za kufikia ukombozi zilishapita. Ledi alikataa. Alisema pia kwamba si lazima mtu azame kwanza katika utulivu ule wa kina unaotaka miaka msituni. Utulivu mdogo unatosha kuanzia, mradi ajue anachokitazama. Hapo ndipo masomo yalipokuwa na kazi. Aliyejua kwamba hasira ni kitu chenye sehemu zake, kinachozuka na kufifia, aliweza kuitazama ikifanya hivyo ndani yake mwenyewe.

Miongoni mwa waliomwamini alikuwa mkulima kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto, kusini mwa Rangoon, U Thet, aliyefiwa na watoto kwa kipindupindu na kwenda kutafuta dawa ya majonzi yake. Ledi alimfundisha, kisha akamruhusu afundishe wengine, naye akajulikana kama Saya Thetgyi. Mlei akawa mwalimu wa tafakuri.

Mwaka 1937 alimpokea mwanafunzi kutoka mjini, karani wa hesabu, U Ba Khin. Burma ilipopata uhuru, Januari 1948, karani huyo akawa Mhasibu Mkuu wa kwanza wa Serikali. Miaka miwili baadaye alikuwa ameanzisha chama cha vipassana ndani ya ofisi hiyo hiyo ya hesabu, na mwaka 1952 kituo cha tafakuri mjini Rangoon.

Serikali mpya nayo iliingia kwa nguvu. Waziri Mkuu U Nu alikuwa mtu wa tafakuri, na kwa mwaliko wake Mahasi Sayadaw, mtawa aliyefundisha kutazama tumbo linavyopanda na kushuka, alianza kufundisha Rangoon mwaka 1949. Kati ya 1954 na 1956 ukafanyika Mkutano Mkuu wa Sita wa Kibuddha wa kuhakiki maandiko, ndani ya pango lililojengwa kwa mikono. Mahasi aliuliza maswali, na wa kujibu alikuwa Mingun Sayadaw, aliyefaulu mtihani wa kuihifadhi Tipitaka yote kwa moyo.

Mwanafunzi maarufu kuliko wote wa U Ba Khin hakuwa Mburma kwa asili, wala hakuwa Mbuddha. S. N. Goenka alizaliwa Mandalay mwaka 1924 katika familia ya wafanyabiashara Wahindu, na kilichompeleka kituoni mwaka 1955 ni kipandauso kisichosikia dawa. Mwaka 1969 alikwenda India na kuendesha kozi yake ya kwanza Mumbai kwa watu wachache, wazazi wake wakiwamo. Mwaka 1994 alifundisha zaidi ya wafungwa 1,000 kwa mpigo katika gereza la Tihar, Delhi.

Ili wafuasi wa kila dini wasisite kuingia, Goenka aliupunguza mzigo. Orodha za Abhidhamma zikaachwa. Badala yake, hotuba moja kila jioni. Bila kupunguza huko pengine kozi isingevuka mipaka, lakini Ledi, aliyewakaririsha wanavijiji aina 89 za fahamu, angeshangaa kuona vitabu vikiachwa getini.

Havikuachwa moja kwa moja. Huko Igatpuri, India, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na wafuasi wa Goenka mwaka 1985 iliiingiza Tipitaka kwenye kompyuta, kwa toleo lile lile lililohakikiwa pangoni Rangoon. Na aliyemaliza angalau kozi tatu za siku 10 anaweza kuomba kozi nyingine, ya kusoma andiko liitwalo Satipatthana. Ratiba yake ni ile ile, kengele ni ile ile ya saa kumi. Tofauti iko jioni: andiko lenyewe husomwa kwa Kipali, lugha ya Tipitaka, hutafsiriwa, huelezwa kifungu kwa kifungu, na asubuhi wanafunzi hurudi kwenye mito yao ya kuketia kulitafuta ndani ya miili yao.