Siku 365: Waparsi wa Unguja na Mwaka Wao Mpya

Mwaka wa Waparsi una miezi 12, kila mwezi siku 30, na mwishoni huongezwa siku 5 zenye majina ya nyimbo za mtume wao, Zarathustra. Wengi wao hawana mwaka mrefu kila baada ya miaka minne, kwa hiyo sikukuu yao ya mwaka mpya husogea nyuma siku moja kila miaka minne ikipita. Siku hizi inaangukia katikati ya Agosti.

Wazee wa mwambao wetu nao walihesabu miongo 36, kila mwongo siku 10, kisha siku 5. Siku ya kwanza ni Nairuzi, ndiyo Mwaka Kogwa wa Makunduchi kila Julai. Kwa hesabu hiyo mkulima alijua wakati wa kupanda na nahodha alijua pepo.

Kufanana huku kuna asili yake Uajemi. Waparsi ni kizazi cha Wazoroasta, wafuasi wa Zarathustra, waliokimbilia Gujarat, India, baada ya Waarabu kuiteka nchi yao katika karne ya 7. Nairuzi yetu ilifuata bahari, kwa manahodha wa Bahari ya Hindi waliozihesabu siku kuanzia Nairuzi. Basi Waparsi wa Bombay walipohamia Unguja katika karne ya 19, makarani, mafundi na wafanyabiashara, waliikuta hesabu iliyo ndugu ya hesabu yao mikononi mwa Waislamu. Kwangu hili ni jambo kubwa.

Sikukuu ya Waparsi hutanguliwa na siku 10 za kuwakumbuka marehemu kwa maua na dua. Asubuhi ya mwaka mpya watu huoga, huvaa nguo mpya, na kizingiti hupambwa kwa nakshi za chokaa. Kisha hukusanyika kwenye ibada iitwayo jashan. Makuhani waliovaa nyeupe huketi mbele ya chetezo, midomo imefunikwa kwa kitambaa ili pumzi isiuchafue moto, na kuni za msandali huwekwa juu ya makaa. Pembeni kuna sinia za matunda, maua, maji na maziwa. Watu wengi husema Waparsi wanaabudu moto, si kweli. Wanamwabudu Mungu mmoja, Ahura Mazda, na moto ni alama ya nuru yake wanayoielekea wakisali. Dua ikiisha, matunda hugawiwa wote. Nyumbani kuna tambi za sukari, wali, dengu na samaki, vyakula ambavyo mtu wa Unguja angekaribishwa navyo asijione mgeni.

Mwaka 1946, kwa hesabu ya siku 365, sikukuu hiyo iliangukia mwanzoni mwa Septemba. Tarehe 5 mwezi huohuo, Bomi Bulsara, mtunza fedha wa Mahakama Kuu, na mkewe Jer walipata mtoto wa kiume Unguja, wakamwita Farrokh. Ulimwengu ulimjua baadaye kama mwimbaji Freddie Mercury.

Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yaliwatawanya Waparsi wengi. Familia ya Bulsara ilihamia Feltham, Uingereza. Wengine walikwenda India na kwingineko. Farrokh alipofariki, Novemba 1991, makuhani wa Kizoroasta ndio waliomsalia jijini London. Nairobi bado kuna anjuman, jumuiya ya Waparsi, na mwaka ukiingia hukusanyika kwa jashan.