Breki Iliyochelewa Miaka 30

Mpwa wangu alinitumia picha mbili za pikipiki za mtumba na swali moja. "Mjomba, hii ya pili wanaitisha pesa zaidi juu iko na ABS. Nilipie ama niachane nayo?"

Kijana anatoka Ruiru kwenda mjini kila asubuhi, mvua isimame isisimame. Nilianza kumjibu kwa maneno mawili, nikajikuta niko 1958.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu wa boda analijua mwilini hata kama hajawahi kulisoma. Gari likipigwa breki za ghafla na magurudumu yakajifunga, linateleza mbele likiwa limesimama kwa miguu yake minne. Pikipiki haina bahati hiyo. Gurudumu la mbele likijifunga kwenye lami yenye maji, usukani unakuwa pambo tu, na chombo kinalala chini kabla mwenyewe hajajua kilichompata. Kwa hivyo ungedhani kifaa cha kuzuia gurudumu kujifunga kingewekwa kwenye pikipiki kwanza, halafu magari yafuate. Na kweli kilikaribia kufanya hivyo.

Kifaa chenyewe kilitoka kwa ndege. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Dunlop, Uingereza, ilitengeneza kitu kilichoitwa Maxaret. Hakikuwa na kompyuta wala waya wa umeme. Ndani yake kulikuwa na gurudumu zito dogo lililozunguka pamoja na tairi la ndege. Tairi likipunguza mwendo ghafla, lile zito lilizidi kuzunguka kwa nguvu zake lenyewe, na tofauti hiyo ya mwendo ikafungua vali ya kupunguza shinikizo la breki. Tairi likianza kuzunguka tena, breki inarudi. Ni akili ya fundi kabisa. Ndege za VC10 zilikuwa nacho, na East African Airways ilirusha Super VC10 kutoka Embakasi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Babu zetu waliopanda ndege hizo (wachache, najua) walitua wakilindwa na breki ambayo hakuna mwenye pikipiki aliyekuwa nayo duniani kote.

Sasa 1958. Maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza ilichukua Royal Enfield Super Meteor, ikaifunga Maxaret, ikaanza kuipima. Matokeo hayakuwa ya kubahatisha. Katika majaribio mengi pikipiki ilisimama kwa umbali mfupi kuliko ikiwa magurudumu yamejifunga, na kwenye sehemu zenye utelezi nafuu ilifika hata asilimia 30. Watafiti wakasema wazi kwamba kuteleza kunachangia sehemu kubwa ya ajali za pikipiki na kwamba kifaa hiki kingesaidia sana. Mkurugenzi wa ufundi wa Royal Enfield wakati huo, Tony Wilson-Jones, hakuona kina mustakabali. Kampuni haikukitengeneza. Basi.

Kwa magari, Maxaret iliingia kwenye Jensen FF mwaka 1966, na mwaka 1978 Mercedes-Benz ikaanza kuuza ABS ya umeme ya Bosch. Pikipiki zilingoja hadi 1988, BMW ilipoiweka kwenye K100. Mfumo ule ulikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, kama mtungi wa lita 10 uliojaa maji, na bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida. Miaka 30 kamili tangu jaribio lile. Sitaki kumlaumu mtu mmoja aliyekaa ofisini miaka ile. Kifaa kilikuwa kizito na ghali. Lakini nikifikiria wote walioanguka katikati ya hiyo miaka, siwezi kusema ni jambo dogo.

Kisha sheria zikaingia, taratibu. Ulaya ilidai ABS kwa aina mpya za pikipiki zinazozidi cc 125 kuanzia 2016. India ikafuata Aprili 2018, ingawa iliruhusu ABS ya gurudumu la mbele pekee. Na sisi? Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo, zile za chini ya cc 250, na boda zikajaa kila steji. Boxer BM 150 iliyobeba nusu ya nchi ina breki za dramu mbele na nyuma. Hapo hakuna cha kuuliza kuhusu ABS, ni mkono, mguu na maombi.

Kwa hivyo mtu akikuuzia ya mtumba yenye ABS, anakuuzia kitu ambacho wengi hapa hawajawahi kukitumia, na hapo ndipo anapoweza kukudanganya. Nilimpeleka mpwa wangu kwa fundi tunayemfahamu. "Boss, washa switch uangalie taa," fundi akamwambia. "Lazima iwake. Ukianza kutembea, izime. Ikikataa kuzima, ABS imekufa. Isipowaka kabisa, jiulize nani alichomoa balbu." Kwa nyingi, ABS ikifa breki za kawaida hubaki, ila si zote: BMW kadhaa za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na pampu ya kusaidia breki, na pampu ikifa, wenzo unakuwa mgumu na breki inabaki kidogo sana. Pia mafuta ya breki hunyonya maji polepole. Yasipobadilishwa kila miaka miwili hivi, maji hayo hula vyuma vya ndani ya pampu ya ABS, na pampu hiyo inaweza kugharimu sehemu kubwa ya bei ya pikipiki yenyewe.

Kwenye murram nayo ni hadithi nyingine. Kokoto hulundikana mbele ya gurudumu lililojifunga na kusaidia kusimama, na ABS huachia breki kabla ya hapo. Ndiyo maana pikipiki nyingi za safari zina kitufe cha kuizima. Wala ABS za zamani hazijui kwamba umelala kwenye kona. Angekuwa anaishi ndani kule Kitui, ningemwambia aweke pesa kwenye matairi.

Lakini ni Thika Road, mvua za Machi, lami ina mafuta ya miezi mitatu. Taa iliwaka, ikazima tulipotembea hatua chache. Fundi alifungua kifuniko cha mafuta ya breki, akachungulia, akasema ni meusi kama chai ya rangi, tupunguziwe bei. Muuzaji alikataa mara mbili, akakubali ya tatu.